Koti la Kuazima: Kuzisoma Picha za Studio katika Njia ya Tabora

Wapenzi wa ushairi wa visiwani na mwambao wana desturi njema ya kuuliza maswali mawili kila wanaposomewa shairi jipya: je, limetimia? Na je, lina neno? Swali la kwanza ni la ufundi, la pili ni la maana. Makala haya yanakusudia kuyapeleka maswali hayo mahali ambapo aghalabu hayafiki, nako ni kwenye picha zilizopigwa katika studio ndogo za miji ya bara, hasa Tabora na vituo vya njia ile kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuishia Ujiji.

Picha za pwani zimeanza kupata heshima yao. Heike Behrend amezitungia kitabu kilichotoka mwaka 2013, na ndani yake mna Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeishi kutoka 1932 hadi 1993, mtu aliyejifunza kazi mwenyewe na kuunganisha vipande vya picha kama mtu anayepanga maua. Prita Meier naye alichapisha mwaka 2024 kitabu kizima juu ya historia ya upigaji picha katika pwani ya Waswahili. Hapa Unguja, watu wanawajua akina Gomes wa karne ya 19, na Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Bali mpiga picha wa Tabora, Urambo au Kaliua, ambaye kazi yake ni harusi, picha za paspoti na wanafunzi waliomaliza shule, ni nadra kusomwa kama msanii. Akikumbukwa, hukumbukwa kama shahidi: picha zake hutazamwa ili tujue watu walivaa nini mwaka fulani. Ni kama kusoma utenzi ili kujua bei ya mchele.

Nianze na maneno, kwa kuwa kazi yangu ya kutafsiri imenizoesha kuyapima. Kiswahili husema kupiga picha, kwa kitenzi kile kile cha kupiga ngoma, kupiga chapa, kupiga pasi na kupiga hodi. Ni kitenzi cha tendo la mara moja lenye mlio na lenye kuacha alama. Kisha, picha ikishapigwa, husafishwa. Wafaransa na Wajerumani, kwa kazi hiyo hiyo ya chumba cha giza, wana neno lenye maana ya kukunjua kitu kilichokunjwa. Sisi tunasema kusafisha, kana kwamba sura ilikuwapo tangu awali, safi na kamili, ila imefunikwa, na kazi ya fundi ni kuuondoa uchafu wa giza. Atakayeyatafakari maneno hayo mawili ataona kuwa lugha yetu imekwisha toa nusu ya nadharia: kuna pigo, na kuna subira baada ya pigo. Mpiga picha mbaya ana la kwanza tu.

Sasa tuitazame picha moja mashuhuri, ambayo haikupigwa Tabora, ila mmoja wa waliomo alitokea huko. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa Unyanyembe akijiandaa kumtafuta Livingstone, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu. Mwaka uliofuata akaenda naye Uingereza, na huko London, katika studio ya London Stereoscopic Company, wakapigwa picha pamoja. Stanley amevaa mavazi ya safari na ana bunduki. Mtoto amesimama kando yake. Nyuma yao pamepangwa mandhari ya kuiga pori la Afrika. Picha hizo zilichapishwa kwenye kadi ndogo na kuuzwa kwa watu. Mwaka 1873 Stanley aliandika hadithi yenye jina la mtoto huyo, na mwezi Machi 1877 mtoto mwenyewe alikufa maji katika maporomoko ya Mto Kongo, akiwa katika msafara mwingine wa bwana wake. Maporomoko hayo yakapewa jina lake.

Tukiiuliza picha hiyo swali la kwanza, jibu ni kwamba imetimia. Mwanga ni sawa, watu wamepangwa kwa ustadi, pazia la nyuma linafanya kazi yake. Tukiiuliza la pili, inasema, tena inasema kwa sauti kubwa, lakini anayesema ni mmoja. Mtoto yule ni pambo katika shairi la mtu mwingine. Hakuchagua jina, nguo, pahala pa kusimama, wala mnunuzi wa kadi. Kila kitu katika studio kilikuwapo isipokuwa hiari yake. Kwa hiyo ninaiweka picha hii mwanzoni mwa hoja yangu kama kipimo: nyenzo za studio ni zile zile, kamera, pazia, kiti na vazi, na zinaweza kumfanya mtu pambo au zinaweza kumfanya mtunzi. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni nani anayeamua.

Studio ilipofika Tabora, iliingia katika mji uliokwisha zoea kupokea na kugeuza. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1912 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Kabla ya reli, njia ile ile ilikwisha pitisha nguo za merikani na kaniki, dini, vyakula, miembe, na lugha yetu yenyewe. Wanyamwezi walioubeba mzigo wa biashara hiyo mabegani hawakuwa watu wa kukaa na kungoja dunia iwafuate. Waliifuata wao hadi pwani na visiwani, wakarudi na waliyoyaona. Ndiyo maana si ajabu kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 ndicho wengi wetu tulichojifunzia sheria za kutunga mashairi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924 na akasoma Tabora. Sheria ambazo sisi wa pwani tunajivunia kuwa ni zetu, aliyetuandikia kwa mpango wa kufundishika ni mtu wa mwisho wa njia ya misafara. Wanaosema kwamba bara huiga na pwani hutunga, na wakitafakari jambo hilo kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Mpiga picha wa mji mdogo katika zama za filamu alikuwa na siku yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa ya mlangoni: kufagia, kutoa ubao wa picha za mfano nje ili wapita njia wazione, kupokea watu wa picha za paspoti wenye haraka, na kungoja. Kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Wateja walikuja kwa misimu. Siku za Idi na Krismasi zilijaa, kwa kuwa nguo mpya hazikuwa na shahidi mwingine. Katika wilaya za tumbaku, fedha ya mauzo ilipoingia mkononi, familia nzima zilitoka vijijini kwa siku moja. Shule zikifunga, wanafunzi walikuja wawili wawili kupigwa picha ya kuagana. Kati ya misimu hiyo palikuwa na ukame wa kazi, na fundi alichukua baiskeli akazifuata harusi na sherehe, au akaandika barua za watu, au akatengeneza saa.

Nusu ya pili ilikuwa ya usiku, katika chumba cha giza chenye taa nyekundu. Karatasi huangaziwa kupitia filamu, kisha hupitishwa katika dawa tatu: ya kwanza huitoa sura, ya pili huisimamisha isizidi, ya tatu huikaza ili isifutwe na mwanga. Baada ya hapo huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Msomaji wa kisiwani hana budi kukumbuka kwamba Tabora ina kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba pasipo mvua ya kutajika, na kwamba dawa ya kwanza hupenda joto la nyuzi 20 hivi. Mwezi wa Oktoba, joto linapokuwa kali kuliko miezi yote, dawa huharakisha, sura hutoka nyeusi kabla ya wakati, na utando wa filamu hulainika hata ukucha unaweza kuujeruhi. Kwa hiyo fundi alifanya kazi usiku wa manane na alfajiri. Na maji yakiwa ni ya kununua kwa ndoo, kishawishi kilikuwa kuosha kidogo. Picha isiyooshwa vya kutosha haionyeshi aibu yake siku ya kukabidhiwa. Huionyesha baada ya miaka, inapogeuka manjano na kuanza kufifia. Kwa hivyo mhakiki anayeishika leo picha ya miaka 50 ambayo nyeupe yake bado ni nyeupe, anashika ushahidi wa ukarimu: kuna mtu aliyemwaga maji yake usiku kwa ajili ya siku ambayo hakutarajia kuiona.

Shutuma inayotolewa mara kwa mara juu ya picha hizi ni kwamba zote ni namna moja. Mtu amesimama wima, mkono mmoja juu ya kiti au bega la mwenzake, macho mbele, pazia nyuma. Shutuma hiyo tunaifahamu vizuri, kwa sababu ndiyo iliyotolewa juu ya mashairi yetu katika mjadala wa miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi kutoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Wakati huo wengi wa pwani tuliitetea kanuni, tukisema kwamba mizani 16 za mshororo hazimzuii mtu kusema, bali humlazimisha kuchagua. Basi tuwe waadilifu. Ikiwa kanuni ni heshima ya shairi, haiwezi kuwa aibu ya picha. Filamu ya namba 120 ilitoa picha 12 za mraba, na fundi aliyekuwa akiagiza filamu kutoka mbali, au aliyezikosa kabisa katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya 1978 na 1979, hakuweza kupiga ovyo. Kila pigo lilikuwa limehesabiwa. Hiyo ni mizani.

Tukiikubali kanuni, ndipo tunaweza kuhukumu, kwa maana kazi ya uhakiki si kusifu kila kitu. Picha hizi si nzuri zote. Mbovu yake ina ubovu tunaoujua katika mashairi: vina vya kulazimisha. Ua la plastiki limewekwa mezani kwa sababu studio ina ua la plastiki. Simu isiyo na waya imewekwa sikioni mwa bibi ambaye uso wake unasema wazi kwamba hana wa kumpigia. Vitu hivyo vimejaza nafasi bila kuongeza neno, sawasawa na kibwagizo kinachorudiwa kwa kukosa la kusema. Nzuri yake huonekana katika mambo matatu. La kwanza ni mkono: fundi hodari hakuuacha mkono uning'inie, aliupa kazi ndogo ya kweli, kushika ncha ya kanga, kushika kitabu, kuushika mkono wa mtoto. La pili ni jicho: alingoja mpaka yule mtu aache kuitazama kamera na aanze kumtazama yule atakayeipokea picha, mume aliye mgodini au mama aliye kijijini. La tatu ni nafasi: alijua aache kiasi gani cha pazia juu ya kichwa, ili mtu asibanwe wala asipotee. Mambo hayo hayafundishwi na kamera.

Iko shutuma ya pili, nayo ni nzito kuliko ile ya kwanza: kwamba picha hizi zinadanganya. Koti ni la studio, saa ni ya studio, hata tai imefungwa tayari na inavaliwa kwa mpira. Mpagazi anatoka amekuwa karani. Anayesema hivyo hajakosea kuhusu koti. Amekosea kuhusu uongo. Neno letu istiara tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuazima: kuliazima neno la kitu hiki ukakivika kile. Wataalamu wa balagha hawakuona aibu kuiita sanaa yao kwa jina la tendo la maskini. Mtu aliyeazima koti katika studio ya Tabora amefanya, kwa mwili wake, jambo lile lile analolifanya malenga anapomwita mpenzi wake lulu. Hamdanganyi mtu, jirani zake wote wanalijua koti lile, na pengine wao wenyewe wamelivaa Idi iliyopita. Anachosema ni kwamba aliye ndani yake ni mkubwa kuliko nguo aliyopewa na ujira wake.

Njia hii ilikwisha ijua istiara ya nguo kabla ya studio kuenea. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara, ilikuwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, na vyeo, na sare za kuiga maaskari na maofisa wa Kizungu. Watawala walibabaika: wanatucheka au wanatutii? Mchezaji hakuwa na haja ya kuwajibu. Alikuwa ameazima umbo la mamlaka akacheza nalo kwa mpigo wake. Koti la studio ni mjukuu wa sare ya beni. Mtu na alitazame kwanza koti hilo, kisha airudie kadi ya mwaka 1872; ataona tofauti yote. Ndugu M'hali alivikwa. Mteja wa Tabora amevaa.

Dunia imekwisha litambua jambo hili mahali pengine. Bamako, Seydou Keïta na Malick Sidibé walikuwa wapiga picha wa biashara kama hawa wetu, wenye wateja wa mtaani; Sidibé alituzwa Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2007. Ni heshima iliyostahili. Lakini ina somo la tahadhari ndani yake. Picha zilizopigwa kwa ukubwa wa kiganja, ili zikae kwenye albamu au zitumwe kwa posta, zilikuzwa zikawa na ukubwa wa ukuta, na nyingi zikatundikwa bila majina ya waliomo. Mpiga picha akapata jina, mwenye uso akakosa. Ikiwa siku moja picha za Tabora zitapata bahati hiyo, isiwe kwa bei hiyo. Na sisi watu wa mwambao tunajua jambo jingine ambalo majumba ya sanaa husahau: picha ya bibi wa watu aliyojifunua kwa ajili ya mumewe si mali ya umma kwa sababu tu imezeeka. Ruhusa ya wenyewe ni sehemu ya kanuni.

Hatari iliyopo ni kwamba huenda pasiwepo cha kuomba ruhusa. Daftari la wapiga kura la mwaka 2015 liliandikishwa kwa mashine zilizopiga picha papo hapo. Vitambulisho vya taifa vilivyoanza kutolewa mwaka 2013 vina picha ya aina hiyo hiyo. Mengine yote yamo katika simu. Sina ugomvi na mashine hizo, kwa kuwa mtu anahitaji kitambulisho na simu imemfikisha kila mtu kwenye kamera. Ninachosema ni kwamba katika kiti cha uandikishaji mtu hachagui: kaa hapa, tazama pale, vua kofia, mwingine. Hicho ni kiti cha lazima, na kila dola ina viti vya namna hiyo. Kando yake ndipo palipokuwa na kiti cha hiari, alichokiweka mtu binafsi katika chumba cha kukodi, na kiti hicho ndicho kinachoondolewa. Studio inapofungwa, kamera huuzwa, lakini filamu zilizosafishwa, elfu kwa elfu ndani ya maboksi ya karatasi, hazina mnunuzi. Mchwa na unyevu huzigawana, au huchomwa moto pamoja na takataka za nyumba.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya maeneo ya kupendekezwa kwa urithi wa dunia, na Kwihara, nje kidogo ya Tabora, imo pamoja na Bagamoyo na Ujiji. Ni jambo jema kuyahifadhi matembe. Lakini mgeni anayefika Kwihara huonyeshwa nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872, na kwa hiyo huikumbuka njia kwa macho ya wageni walioipita. Wenyeji wa njia hiyo walijiandika wenyewe pia, miaka mingi baadaye, wakiwa wamesimama mbele ya pazia, na maandishi yao yako chini ya vitanda.

Kila diwani tuliyonayo ilihitaji mtu wa kuikusanya. Mashairi mengi ya kale yangepotea kama wasingekuwepo watu waliokaa na wazee, wakaandika, wakauliza beti iliyokosekana iko wapi. Picha za studio zinahitaji kazi ndogo kuliko hiyo. Aliye na albamu ya wazazi wake na aigeuze picha, aandike nyuma yake kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino: jina, mji, mwaka, nani alipigiwa. Aliye na jamaa aliyekuwa fundi na aombe maboksi kabla hayajatolewa nje. Na sisi tunaoandika uhakiki katika visiwa hivi, ambamo kuna nyumba nyingi zenye babu aliyekuja kwa miguu kutoka Unyamwezi, tuzisome picha hizo kwa maswali yale yale mawili, tukianza na zile zilizo ukutani kwetu.